Kufunga flaiwili iliyopunguzwa uzito wakati wa ovahoo ya injini

Injini ya 4A-GE ikishushwa tu chini, swali la flaiwili, lile gurudumu zito linalofungwa mwisho wa krankshafti, halichelewi. Nipunguze kilo ngapi? Nani anakereza vizuri? Gari halitanizimikia kwenye foleni? Maswali ni yaleyale, na majibu ya haraka haraka ndiyo yanayorudisha magari gereji yakitetemeka. Kwa hiyo nimeiandika kazi nzima kwa mpangilio wake, kuanzia kufungua mpaka kuwasha.

Mfano ninaoutumia ni 4A-GE ya Toyota, silinda nne, sentimita za ujazo 1,587, ile iliyokuja kwenye Levin na Trueno za AE101 na AE111 zinazoingia kwetu kutoka Japani. Kama injini yako ni nyingine, hatua hazibadiliki sana. Vipimo vya toki (nguvu ya kukazia boliti, kwa Nm) ndivyo vinavyobadilika, na hivyo uvitoe kwenye kitabu cha injini yako, usivitoe kichwani mwa fundi.

Gari lako linafaa?

Kama gari ni la otomatiki, acha kusoma hapa. Halina flaiwili ya kupunguzwa. Lina bamba jembamba tu linaloshika konveta (kiungo cha mafuta kinachochukua nafasi ya klachi), na konveta yenyewe ndiyo inayobeba kazi hiyo.

Kama flaiwili yako ni ya vipande viwili vyenye springi katikati, aina inayopatikana kwenye dizeli nyingi za kisasa na magari mengi ya Ulaya, hiyo haikerezwi. Unaweza kuibadilisha kwa ya kipande kimoja, lakini lazima diski ya klachi nayo iwe na springi katikati. Kukereza ya vipande viwili ni kuharibu kitu cha bei kubwa bila faida yoyote.

Dizeli ya mizigo, gari la kuvuta tela, daladala au matatu: iache ilivyo. Magari hayo yanauhitaji ule uzito wa kuondokea kilimani yakiwa yamebeba watu.

Na angalia jambo moja ambalo wengi hulisahau. Kuna injini ambazo sensa ya krankshafti husoma meno au matundu yaliyokatwa kwenye flaiwili yenyewe. Kwenye 4A-GE sensa hizo ziko ndani ya distributa, kwa hiyo uko salama. Injini yako ikiwa ya aina ile ya kwanza, eneo linalosomwa na sensa haliguswi hata kwa msasa.

Nadharia kidogo, kisha kazi

Flaiwili nyepesi haiongezi nguvu za farasi. Injini inayotoa farasi 160 itaendelea kutoa 160. Kinachobadilika ni kiasi cha nguvu hizo kinachotumika kuizungusha flaiwili yenyewe kila unapokanyaga mafuta. Ndiyo maana tofauti unaisikia kwenye gia ndogo na huisikii kabisa kwenye gia kubwa.

Chukua hesabu hii. Umeondoa kilo 1.5 kwenye ukingo, sentimita 12 kutoka katikati. Gari lina giaboksi ya C52, na tairi lina nusu kipenyo cha sentimita 29. Kwenye gia ya kwanza ni sawa na kuteremsha abiria wa kilo 48. Gia ya pili, kilo 17. Gia ya tano, kilo 3 tu. Ukiwa mtu wa safari ndefu za Dar hadi Mbeya, unaona mwenyewe kwamba hapa huna biashara.

La kukumbuka jingine ni kwamba mahali unapokata ni muhimu kuliko kiasi unachokata. Chuma kilichoko mbali na katikati mara mbili kina athari mara nne. Gramu 500 za ukingoni zinashinda kilo nzima ya karibu na boliti, na chuma cha karibu na boliti ndicho kinachoishikilia flaiwili isipasuke.

Ukingo unakwenda kasi gani?

Injini ikizunguka mara 8,000 kwa dakika, ukingo wa flaiwili yenye nusu kipenyo cha sentimita 13 unakwenda mita 109 kwa sekunde. Hiyo ni takriban kilomita 390 kwa saa, na kipande kikikatika hapo hakisimamishwi na bati la sakafu wala na goti la dereva. Flaiwili nyingi za kiwandani ni za chuma cha kusubu, ambacho mafundi hukiita kasti. Kasti ina nguvu ikibanwa, lakini ikivutwa inapasuka bila kutoa taarifa, na mzunguko wa kasi ni kuvuta kutoka katikati kwenda nje.

Hivyo msimamo wangu ni huu. Kwa gari la barabarani lisilozidi mizunguko ya kiwandani, flaiwili ya kasti inaweza kupunguzwa, lakini isizidi robo ya uzito wake, na ikatwe ukingoni tu. Ukitaka nyepesi zaidi ya hapo, au unakwenda kwenye mbio na kupandisha mizunguko, nunua ya chuma kilichofuliwa au ya alumini yenye uso wa chuma. Kwa mbio tafuta yenye muhuri wa SFI 1.1, kiwango cha usalama cha vifaa vya mbio. Ni ghali, najua. Bado ni rahisi kuliko mguu.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Spana ya toki inayosoma vizuri kati ya Nm 15 na 100. Ile ya kuazima iliyoangushwa mara kumi haifai. Saa ya kupimia yenye mguu wa sumaku, inayosoma hadi sehemu ya mia ya milimita. Vernia. Mizani ya jikoni au ya duka, ilimradi inafika kilo 10. Kifaa cha kuzuia flaiwili isizunguke, ambacho unaweza kukitengeneza kwa kipande cha bapa la chuma chenye meno mawili. Kijiti cha kusawazisha diski ya klachi. Dawa ya kusafishia breki, makopo mawili. Rangi ya kupenya ya kutafutia nyufa, ile ya makopo matatu: kisafishio, rangi nyekundu, na poda nyeupe.

Vipuri: oili sili ya nyuma ya krankshafti, boliti mpya za flaiwili, diski na presha pleti (bamba linaloibana diski ya klachi kwenye flaiwili), rilisi beringi, gundi ya nyuzi za boliti, na grisi ya splaini (meno ya shafti ya giaboksi yanayoshika diski). Kama krankshafti yako ina beringi ndogo mwishoni inayoshika ncha ya shafti ya giaboksi, kama ilivyo kwenye AE86 ya kusukumwa na magurudumu ya nyuma, nunua na hiyo.

Usinunue diski ya klachi kwa macho. Nenda na ya zamani, hesabu splaini, pima kipenyo. Kwa wauza vipuri wa Gerezani, Dar, au Grogan, Nairobi, utauziwa ya 4A-FE, injini nyingine ya Toyota, ukiambiwa ni ileile.

Kazi yenyewe

1. Weka alama, kisha fungua.
Kabla ya kulegeza chochote, piga alama ya tindo au rangi inayovuka presha pleti na flaiwili, na nyingine inayovuka flaiwili na krankshafti. Injini nyingi zina tundu moja lililokaa upande ili flaiwili ikubali kuingia kwa namna moja tu, lakini usilitegemee.

Zuia flaiwili kwa kifaa kinachoshika meno yake, kisha legeza boliti za presha pleti kidogo kidogo kwa mkingamo. Ukiifungua boliti moja yote kwanza, presha pleti inapinda. Baada ya hapo boliti nane za flaiwili. Flaiwili ikiwa nzito na vidole vina mafuta, weka kipande cha mbao chini. Imeshavunja vidole vya miguu vya watu wengi.

*Onyo:* bisibisi kati ya meno na ukuta wa bloku si kifaa cha kuzuia. Inapasua bloku, na alumini ya giaboksi ni laini zaidi.

2. Pima na utafute nyufa.
Osha flaiwili hadi iwe kavu, uipime uzito na uandike. Pulizia rangi nyekundu, subiri kama maelekezo ya kopo yanavyosema, futa, kisha poda nyeupe. Angalia pande zote mbili, hasa kuzunguka matundu ya boliti na kwenye uso wa klachi.

Mistari midogo midogo ya joto kwenye uso wa klachi ikiondoka kwa kukerezwa kidogo, sawa. Ufa unaotoka kwenye tundu la boliti, au unaofika ukingoni, hauna tiba. Flaiwili hiyo ni ya kupimwa kilo kwa mnunua vyuma chakavu.

3. Mpe mkerezaji mchoro.
Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, maana mteja anasema "nipunguzie" na fundi anapunguza anapoona panafaa. Mwandikie kwenye karatasi:

Kata upande unaotazama injini, kwenye ukingo wa nje tu.

Usiguse eneo la boliti za krankshafti, wala kiti kinachokaa juu ya krankshafti.

Chini ya ringi ya meno, acha bega la kutosha la kuishikilia. Ringi ikikosa kiti italegea.

Uso wa klachi usikonde. Chuma hicho ndicho kinachonyonya joto kila unapoachia klachi. Flaiwili iliyokondeshwa hapo inapinda, na klachi inaanza kutetemeka ndani ya wiki chache.

Kila pembe ya ndani iwe na mviringo, usiopungua milimita 3. Pembe kali ndiyo mlango wa ufa.

Hakuna kutoboa matundu. Utaona picha za flaiwili zilizotobolewa kama chujio. Zile ni za chuma kilichofuliwa na zimepigiwa hesabu. Kwenye kasti kila tundu ni mwanzo wa ufa.

Uso wa klachi ukihitaji kusawazishwa, angalia kama uso unaofungia presha pleti uko ngazi moja nao au uko juu zaidi. Ukiwa ngazi tofauti, punguza nyuso zote mbili kwa kipimo kilekile. Ukipunguza mmoja tu, umebadilisha nguvu ya kubana ya klachi bila kukusudia. Na pini za kuongoza presha pleti zirudishwe zikiwa imara.

Simama pale anapoifunga kwenye mashine. Lazima aipimie katikati kwa saa, kwenye tundu la kati, kabla ya kukata. Akiikadiria kwa jicho na chaki, ichukue uondoke.

4. Ringi ya meno.
Ikiwa meno yamelika, huu ndio wakati wake. Ringi huingia ikiwa ya moto: ipashe kwenye oveni hadi nyuzi 200 au 220 za Selsiasi, flaiwili ikiwa baridi, kisha iangushe ikae hadi chini kabla haijapoa. Una sekunde chache tu.

Tochi ya gesi inaweza kufanya kazi hiyo kama unaizungusha sawasawa, lakini ukiona chuma kimegeuka bluu umeshaharibu ugumu wa meno. Na angalia upande: ncha zilizochongwa mteremko zitazame anakotokea pinioni ya stata. Ringi iliyogeuzwa inalia kila asubuhi.

5. Balansi.
Wengi hukata kwa gharama kubwa kisha wakaacha balansi ili kuokoa fedha kidogo. Mimi ningefanya kinyume chake: bora flaiwili nzito iliyobalansiwa kuliko nyepesi isiyobalansiwa.

Ovahoo ndiyo nafasi yako, kwa sababu krankshafti iko nje. Peleka vyote pamoja: krankshafti, puli ya mbele, flaiwili na presha pleti. Utaratibu ni krankshafti peke yake kwanza, kisha flaiwili ifungwe juu yake, kisha presha pleti. Kila hatua inasahihishwa kabla ya kuongeza nyingine, na makosa yanasahihishwa kwenye kile kilichoongezwa mwisho. Ukifanya hivyo, siku ukibadilisha presha pleti hutalazimika kuishusha injini yote. Injini ya silinda nne zilizopangwa mstari mmoja haihitaji uzito wa bandia kwenye krankshafti wakati wa kubalansi. V6 na V8 nyingi zinauhitaji.

Muulize fundi anabalansi hadi kiwango gani. Kwa daraja la G6.3 (G ni daraja la ubora wa balansi, namba ikiwa ndogo balansi ni bora zaidi), flaiwili ya kilo 5 kwa mizunguko 8,000 inaruhusiwa kubaki na kasoro ya gramu-milimita 38 hivi, yaani chini ya nusu gramu ukiipima sentimita 10 kutoka katikati. Kwa G2.5 ni gramu 0.15. Namba hizo zinakuonyesha kwa nini kuiweka flaiwili juu ya visu viwili na kutazama inaangukia upande gani hakutoshi.

Baada ya balansi, weka alama mpya. Za zamani zifute.

6. Andaa krankshafti.
Sehemu ya chini ya injini ikishafungwa, kabla ya flaiwili, weka oili sili mpya ya nyuma. Paka mdomo wake grisi kidogo, uiingize sawasawa pande zote. Kama krankshafti ina mfereji uliochimbwa na sili ya zamani, ipeleke sili mpya mbele au nyuma milimita moja ili mdomo ukae mahali pazima. Sili inayovuja inamwaga mafuta moja kwa moja kwenye klachi, na kuifikia tena ni kushusha giaboksi.

Hakikisha pia uchezaji wa krankshafti mbele na nyuma uko ndani ya kipimo. Kila ukikanyaga klachi unaisukuma krankshafti, na flaiwili mpya haitaficha washa za pembeni zilizokwisha, zile zinazozuia uchezaji huo.

Futa uso wa krankshafti na kiti cha flaiwili kwa dawa ya breki. Pitisha kidole: kipele kimoja cha chuma au chembe ya gasketi kavu kinatosha kuifanya flaiwili iyumbe.

7. Funga flaiwili.
Safisha nyuzi za matundu. Kama matundu yanatokea ndani ya injini, mafuta yatapanda kwenye nyuzi, kwa hiyo gundi ya nyuzi ni lazima. Pandisha flaiwili ikifuata alama, ikae bila kugongwa. Ikikataa kukaa, usiivute kwa boliti, tafuta kinachozuia.

Kaza kwa mkono, halafu kwa mkingamo, hatua tatu. Kwa 4A-GE: Nm 25, kisha 50, kisha 74. Ukimaliza, zunguka mara moja zaidi kwenye 74 ujiridhishe.

Injini nyingine zina utaratibu tofauti kabisa. 1ZZ-FE, kwa mfano, ni Nm 49 kisha unaongeza robo ya mzunguko. Boliti za aina hiyo hurefuka zikikazwa. Ndiyo maana nimesema nunua mpya.

*Onyo:* spana ya hewa iweke mbali. Inatumika kufungua, haitumiki kufunga flaiwili.

8. Pima kuyumba.
Watu wanairuka hatua hii kwa sababu hawana saa ya kupimia. Azima. Weka mguu wa sumaku kwenye bloku, ncha iguse uso wa klachi karibu na ukingo, zungusha krankshafti taratibu huku ukiisukuma upande mmoja muda wote, la sivyo utapima uchezaji wa krankshafti badala ya flaiwili. Toyota inaruhusu hadi milimita 0.1.

Ikizidi, fungua, safisha tena, funga tena. Mara nyingi ni uchafu. Ikibaki vilevile, mkerezaji hakuiweka katikati, na inarudi kwake na saa yako mkononi.

9. Klachi.
Flaiwili mpya hupakwa mafuta ya kuzuia kutu. Osha uso kwa dawa ya breki na kitambaa safi hadi kitambaa kitoke cheupe. Usiguse tena kwa vidole.

Diski ina upande. Kitovu chenye springi kinachojitokeza zaidi hutazama giaboksi. Ikigeuzwa, springi zinasaga boliti za flaiwili na klachi haiachii kamwe. Paka splaini grisi nyembamba kabisa, vaa diski kwenye shafti ya giaboksi, isogeze mbele na nyuma, kisha futa iliyozidi. Grisi nyingi hurushwa na kutua kwenye diski.

Weka kijiti cha kusawazisha, pandisha presha pleti kwa kufuata alama ya balansi na pini zake, kaza kwa mkingamo nusu mzunguko kila mara hadi Nm 19. Kijiti kitoke na kuingia bila kubisha.

10. Giaboksi.
Iinue kwa jeki, ilingane na injini, iingie kwa kusukumwa kwa mkono. Isining'inie juu ya diski hata kidogo. Uzito wake unapinda kitovu. Ikibaki sentimita moja na haiendi, usiivute kwa boliti za nyumba ya klachi. Zungusha krankshafti kidogo, gia ikiwa imeingizwa, mpaka splaini zikutane.

11. Kuwasha mara ya kwanza.
Zungusha kwa stata bila moto hadi presha ya mafuta ipande, kama ilivyo desturi ya injini mpya. Ikiwaka, usishangae mizunguko ikipanda na kushuka kwa haraka kuliko ulivyozoea. Hiyo ndiyo kazi uliyoilipia.

Seti taimingi kwanza. Kwenye 4A-GE unaunganisha kwa waya matundu ya TE1 na E1 kwenye kiboksi cha uchunguzi, halafu taa ya taimingi isome nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika kilele. Toa waya, ndipo ushughulikie mizunguko ya kusimama. Kama kitabu kinasema 800, ipandishe hadi 900 au 950. Kwenye 20V (4A-GE ya vali 20) hakikisha pia midomo minne ya hewa inavuta sawa. Flaiwili nzito ilikuwa inaficha tofauti hiyo, nyepesi haifichi.

Kilomita mia chache za mwanzo ziwe za mjini, za kubadili gia mara nyingi, bila kuondoka kwa fujo. Ringi za pistoni zinataka mzigo wa wastani na klachi inataka kuguswaguswa. Vyote viwili unavipata kwenye njia ya kawaida. Kilimani jifunze upya: ongeza mafuta kidogo zaidi kabla ya kuachia klachi. Siku mbili za kwanza utaizimisha.

Matatizo na pa kuanzia

*Gari linazima ukikanyaga breki kwenye taa.* Usiilaumu flaiwili kabla ya kuangalia hewa inayoingia kinyemela kwenye gasketi za menifoldi, uchafu kwenye vali ya mizunguko ya kusimama, na taimingi. Flaiwili nyepesi haileti kasoro hizo, inazitoa hadharani. Zikishakaa sawa na bado linazima, pandisha mizunguko ya kusimama kwa 50 zaidi. Ikishindikana, ulipunguza kupita kiasi.

*Mlio wa kayamba gari likisimama bila gia, unaopotea ukikanyaga klachi.* Ni gia za giaboksi zinagongana kwa sababu mapigo ya injini hayalainishwi tena kama zamani. Diski yenye springi katikati na mafuta ya giaboksi ya uzito sahihi hupunguza. Kwenye gari la mbio lenye diski ngumu, utaishi nao. Mlio ukiwa ni wa kuendelea kama wa msumeno, huo si wa flaiwili. Ni beringi ya giaboksi.

*Klachi inatetemeka unapoondoka.* Kwanza mafuta au grisi kwenye diski. Kisha kuyumba kwa flaiwili, ile hatua ya 8 uliyoiruka. Halafu mipira ya kushikia injini, ambayo kwenye magari yetu huwa imekwisha kabla hata ya ovahoo.

*Klachi inateleza.* Diski mpya isiyozoea inaweza kuteleza kidogo mwanzoni ukiibana. Ikiendelea baada ya kilomita mia chache, pima tena tofauti ya ngazi kati ya uso wa klachi na uso wa presha pleti. Mkerezaji alisawazisha mmoja.

*Taa ya injini inawaka na kompyuta inasema silinda zinaruka.* Hii ni kwa magari ya OBD-II, yaani yenye kompyuta inayojichunguza. Kompyuta hugundua kuruka kwa moto kwa kupima mabadiliko madogo ya mwendo wa krankshafti, na flaiwili nyepesi huyakuza. Hakikisha kwanza hakuna silinda inayoruka kweli, kwa kupima plagi na koili. Baada ya hapo ni suala la programu ya kompyuta.

*Stata inasaga au inazunguka bure.* Ringi haikukaa hadi chini, imegeuzwa, au imeteleza kwenye kiti chake. Chora mstari wa rangi unaovuka ringi na flaiwili kupitia tundu la ukaguzi, washa mara chache, angalia tena. Mstari ukiachana, usiichomee ringi kwa umeme kama wengine wanavyokushauri. Ulehemu unaharibu balansi na kuipasua kasti. Inashushwa na kufungwa nyingine.

*Mtetemo kwenye mizunguko fulani, gari likiwa limesimama.* Pandisha mizunguko hadi pale unapotokea, kisha kanyaga klachi. Ukipotea, angalia diski na shafti ya giaboksi. Ukibaki, uko kwenye krankshafti, flaiwili au presha pleti. Shusha giaboksi na uanze kwa kutazama alama za balansi, maana kisa cha kawaida ni presha pleti iliyofungwa nje ya alama yake. Alama zikiwa sawa, ihamishe presha pleti hadi nafasi nyingine inayokubaliwa na pini, halafu jaribu tena. Mtetemo ukibadilika, kosa liko kwenye presha pleti na inabalansiwa yenyewe. Usipobadilika, toa flaiwili uirudishe kwenye mashine.